Ruhuhu si Witbank: kuchagua kielelezo cha bonde kabla ya kuchoronga makaa ya mawe

Mjiolojia kijana akipewa leseni ya makaa ya mawe kusini mwa Tanzania na kuambiwa apange mashimo ya kuchoronga, kuna swali analolijibu hata asipolitamka: tabaka la makaa linaendaje huko chini? Limetandaa kilomita nyingi bila kubadilika sana, au limekaa vipande vipande, hapa nene, pale jembamba, kule halipo kabisa? Jibu hilo ndilo linaloamua mashimo yawe mangapi na yakae wapi. Likikosewa, fedha za mwenye leseni huisha huku ramani ikiwa bado tupu.

Katika ukanda wetu vielelezo vinavyoshindania jibu hilo ni viwili. Cha kwanza ni bonde la mbele ya milima, ambalo mfano wake maarufu ni Bonde Kuu la Karoo la Afrika Kusini, lenye machimbo ya Witbank, mji unaoitwa leo eMalahleni. Cha pili ni bonde la ufa, na mfano wetu wa nyumbani ni Ruhuhu, kati ya Ludewa na Mbinga, kwenye makaa ya Mchuchuma na Ngaka. Afrika Kusini huchimba sehemu kubwa mno ya makaa yote ya Afrika, kwa hiyo wataalamu wengi, taratibu nyingi na hata programu nyingi za kompyuta zinazotumika huku zimelelewa na Witbank. Si kosa la mtu. Lakini Witbank ni bonde la namna yake, na mtu akilibeba kama lilivyo mpaka Mbinga, litampotosha.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: umbo la tabaka la makaa huamuliwa kwanza na jinsi sakafu ya bonde ilivyoshuka wakati mimea ikijikusanya. Hali ya hewa, mito na aina ya mimea vina nafasi yao, na nitavigusa, lakini sakafu ndiyo iliyoshika usukani. Basi kuchagua kielelezo maana yake ni kuamua sakafu yako ilishukaje.

Makaa yanahitaji nini

Makaa ya mawe huanza kama peati, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyozama kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha, yasioze kabisa. Katika Karoo mimea hiyo ilikuwa hasa Glossopteris, miti ya Gondwana, bara kuu la kale la kusini, yenye majani ya umbo la ulimi, iliyoshamiri katika kipindi cha Permi baada ya barafu kuu kuyeyuka, chini kidogo ya miaka milioni 300 iliyopita.

Ili peati iendelee kupanda, usawa wa maji lazima upande pamoja nayo, kwa mwendo uleule. Maji yakibaki chini, mimea huoza, huungua au husombwa. Yakipanda haraka kuliko mimea, kinamasi hugeuka ziwa au bahari na tope hufunika kila kitu. Kwa hiyo makaa hukaa katika nafasi finyu kati ya kushuka taratibu mno na kushuka kwa pupa.

Hebu tupige hesabu ndogo. Mara nyingi hutajwa kwamba peati hujibana mara kumi hivi kabla ya kuwa makaa, ingawa uwiano huo hubadilika sana kutoka bonde moja hadi jingine. Kwa uwiano huo, tabaka la makaa la mita 6 lilikuwa peati ya karibu mita 60. Ikiwa peati ilijikusanya kwa milimita moja kwa mwaka, kinamasi kilihitaji miaka 60,000 bila kuzamishwa na bila kukauka. Kujibana kwenyewe kulitengeneza sehemu ya nafasi hiyo, lakini nyingine ilibidi itokane na kushuka kwa sakafu. Kila unapoona tabaka nene na safi, ujue kuna mahali ardhi ilishuka kwa uvumilivu mkubwa.

Mabonde yetu mawili yanaachana hapo. Yote mawili yaliipata nafasi hiyo, ila kwa njia tofauti na kwa upana tofauti.

Witbank: sakafu iliyoinama polepole, mbali na milima

Kusini kabisa mwa Afrika, bamba la bahari (kipande kikubwa cha ganda la dunia chini ya bahari) lilikuwa likizama chini ya ukingo wa Gondwana, na mgandamizo wake ukakunja miamba na kuinua Milima ya Mikunjo ya Cape. Uzito wa milima hiyo uliinamisha bamba la bara lililokuwa mbele yake. Karibu na milima, sakafu ilizama sana na kupokea maelfu ya mita za mashapo. Kadiri unavyokwenda kaskazini, mwinamo unapungua. Witbank iko takriban kilomita elfu moja kutoka kwenye mikunjo hiyo, juu ya kratoni ya Kaapvaal, kipande cha ganda la dunia chenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, kigumu na kisichotikisika ovyo.

Ndiyo sababu makaa makuu ya Afrika Kusini hayako mbele tu ya milima, kwenye kina kikubwa. Yako ukingoni kaskazini, katika miamba ya Vryheid ya kundi la Ecca, mahali ambapo sakafu ilishuka kidogo kidogo na kwa usawa juu ya eneo kubwa. Mito ilitoka kwenye kratoni ikaenda kusini, ikajenga delta kwenye bahari ya Ecca, na juu ya tambarare za delta hizo vinamasi vikatandaa. Matokeo yake ni matabaka matano makuu, yaliyopewa namba 1 hadi 5 kutoka chini kwenda juu, ambayo mchimbaji anaweza kuyafuata kutoka mgodi mmoja hadi mwingine kwa jina lilelile. Tabaka namba 2 na namba 4 ndiyo yaliyobeba uchimbaji kwa zaidi ya karne. Mengi yako karibu na uso wa ardhi na mwinamo wake ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni.

Isidhaniwe kwamba Witbank haina vikwazo. Chini kabisa, tabaka namba 1 na namba 2 yalikaa juu ya mashapo ya barafu ya Dwyka na juu ya mabonde yaliyochongwa na barafu yenyewe. Kwa hiyo kwenye migongo ya miamba ya kale hukonda au hukosekana, na kwenye mabonde ya kale hunenepa. Juu ya baadhi ya matabaka hukutwa mchanga wenye glaukonaiti, madini ya kijani yanayoota baharini, ishara kwamba bahari ilirudi ikafunika kinamasi. Halafu, takriban miaka milioni 183 iliyopita, doleraiti, mwamba ulioyeyuka kutoka chini, ilipenya kila mahali ikiwa ya moto, kwa kuta za wima na matandiko ya kulala, ikaunguza makaa iliyoyagusa na kuondoa gesi zake. Mpangaji wa mgodi wa Witbank huumizwa kichwa na doleraiti kuliko na mipasuko ya ardhi.

Wapo wajiolojia wanaobisha kwamba wakati wa Ecca milima ya Cape ilikuwa bado haijawa na uzito wa kutosha kuinamisha bara, na wanaeleza kushuka kwa sakafu kwa njia nyingine. Mjadala huo una maana yake. Kwa anayepanga mashimo, hata hivyo, hoja haibadiliki: sakafu ya Witbank ilishuka taratibu, kwa upana, na bila kukatwakatwa.

Ruhuhu: sakafu iliyokatika upande mmoja

Nataka kukaa hapa zaidi, maana ndipo penye uamuzi mgumu, na ndipo maandishi ya Kiswahili yanapokosekana.

Wakati kusini kukibanwa, ndani ya bara ganda lilivutwa na kukatika kwenye mistari ya udhaifu ya zamani. Yakazaliwa mabonde marefu na membamba ya Karoo, jina linalotumika pia kwa miamba ya zama hizo nje ya Afrika Kusini, kuanzia Zambezi hadi Tanzania. Haya ni ya kale mno kuliko Bonde la Ufa tunalolijua leo kwa maziwa na volkano zake, ingawa mara nyingi ufa mpya umepita juu ya ufa wa zamani.

Bonde la ufa kwa kawaida halishuki pande zote sawasawa. Hushuka kama kitanda kilichovunjika miguu ya upande mmoja: upande wenye mpasuko mkuu unazama, upande wa pili unabaki kama bawaba, na sakafu nzima inalala mshazari. Mambo matatu hufuata, na yote yanaonekana kwenye makaa.

Kwanza, nafasi ya kujaza ni kubwa karibu na mpasuko na ndogo upande wa bawaba. Tabaka la makaa lililo moja na nene upande wa bawaba huchanika kuwa matabaka mawili, matatu au zaidi kadiri unavyosogelea mpasuko, kwa sababu kila sakafu iliposhuka kwa ghafula, mto au ziwa liliingia likaweka mchanga na tope juu ya peati kabla kinamasi hakijarudi. Uchanikaji wa namna hii hauko kwenye ufa peke yake. Uingereza, huko South Staffordshire, kuna tabaka maarufu la karibu mita 9 ambalo likifuatwa kuelekea kaskazini hugawanyika kuwa matabaka mengi membamba, mahali sakafu iliposhuka zaidi. Tofauti ni kwamba kwenye ufa badiliko hilo huweza kutokea ndani ya umbali mfupi sana.

Pili, genge la mpasuko lenyewe, yaani ukuta wa mwamba unaobaki juu, humwaga kokoto na mchanga wa chembe kubwa moja kwa moja ndani ya bonde. Chini ya genge makaa hayakai vizuri. Mahali pazuri huwa ni katikati, mbali na kokoto za genge na mbali na ziwa lenye kina, au kwenye mteremko mpole wa upande wa bawaba.

Tatu, bonde limegawanyika katika vijibonde. Ruhuhu haina tabaka moja la makaa linalotoka Mchuchuma hadi Ngaka hadi Mhukuru. Ina maeneo yaliyotengana, kila moja likiwa na historia yake ya kushuka, hata kama umri wa miamba unakaribiana. Namba za matabaka ya Ngaka usizipeleke Mchuchuma ukadhani zinazungumzia kitu kilekile.

Historia nzima inasomeka kwenye mpangilio ambao mjiolojia G. M. Stockley aliuchapisha mwaka 1932, akiyapa matabaka ya Ruhuhu alama K1 hadi K8, alama ambazo bado tunazitumia. K1 chini ni mashapo ya zama za barafu. K2, Mchuchuma, ndiyo makaa makuu. K3, Mbuyura, ni mchanga mwingi wenye chembe za madini ya feldispa ambazo hazikupata muda wa kuoza, na makaa yanakatika. K4, Mhukuru, makaa yanarudi. K5, ambayo ndiyo iliyopewa jina la Ruhuhu lenyewe, ni tope na chokaa za ziwani. Ukiitazama safu hiyo kwa jicho la ufa unaona sakafu ikipumua: inashuka polepole, makaa, inashtuka, mchanga wa magenge mapya, inatulia, makaa tena, kisha ziwa linatwaa. Hali ya hewa iliyokuwa ikipata joto na ukavu nayo ina mkono wake, hasa kwenye miamba ya juu yenye wekundu. Lakini hali ya hewa hubadilika kwa bonde zima kwa pamoja, haiwezi kueleza kwa nini upande huu wa mpasuko kuna mita nyingi na upande ule chache.

Ana kwa ana

| Unachokitazama | Witbank, mbele ya milima | Ruhuhu, bonde la ufa |
|---|---|---|
| Kilichoshusha sakafu | Bamba kuinama kwa uzito wa milima ya mbali | Ganda kuvutwa na kukatika |
| Mahali penye makaa bora | Ukingo tulivu ulio mbali na milima | Kati ya genge na ziwa, au upande wa bawaba |
| Tabaka likifuatwa | Huendelea mbali kwa jina moja | Huchanika, hukonda, huishia mpasukoni |
| Unene hubadilika kwa sababu ya | Mabonde ya barafu ya kale (matabaka ya chini tu) | Mipasuko iliyokuwa hai |
| Maji yaliyozamisha kinamasi | Bahari mara kwa mara | Ziwa na mto |
| Msumbufu mkuu wa mchimbaji | Doleraiti | Mipasuko, ya zamani na ya karibuni |

Safu ya bahari na ziwa ina uzito kuliko inavyoonekana. Maji ya bahari yana salfeti nyingi. Yakifunika peati, bakteria huigeuza na salfa huishia kwenye makaa kama pairaiti, madini ya chuma na salfa. Maji ya ziwa kwa kawaida hayana akiba hiyo. Kwa hiyo ukikuta salfa imepanda katika tabaka la juu la bonde la aina ya Witbank, swali la kwanza ni kama bahari ilirudi. Ukikuta hivyo kwenye bonde la ufa la bara, tafuta sababu nyingine, kama vile maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa baadaye.

Kwa majivu, usiamini sana jedwali lolote. Makaa ya Gondwana kwa ujumla yana majivu mengi, huko na huku, na ufa unaongeza tope linaloletwa na mito iliyo karibu.

Jaribio la mashimo mawili

Sasa tuseme umeshachoronga mashimo mawili, A na B, na kati yake picha ya setilaiti inaonyesha mstari unaodhani ni mpasuko. Una njia ya kuuliza mpasuko huo ulikuwa hai lini, na njia hiyo haihitaji chombo chochote cha ghali. Inahitaji tepu ya kupimia na uaminifu wa kuyaandika unayoyaona.

Chagua alama mbili zinazotambulika kwenye mashimo yote mawili, kwa mfano mwisho wa mashapo ya barafu chini na paa la tabaka kuu la makaa juu. Pima umbali kati yake. Ikiwa A ni mita 45 na B ni mita 45, lakini alama zote za B ziko mita 60 chini zaidi, mpasuko ulikuja baada ya makaa kuwekwa. Umeyahamisha tu. Tabaka lako ni lilelile pande zote mbili, na kielelezo cha Witbank kinaweza kukutumikia ndani ya kila kipande.

Ikiwa A ni mita 45 na B ni mita 78, na makaa ambayo kwenye A ni mita 3 mfululizo yamekuwa kwenye B vipande vitatu vya chini ya mita moja vilivyotengwa na mchanga na tope, hapo mpasuko ulikuwa ukitembea wakati kinamasi kiko hai. Hilo ni bonde la ufa likifanya kazi yake. Usiunganishe vipande vya B kwa mstari mmoja mnene kwenye mchoro eti kwa sababu jumla yake inakaribiana na A. Mgodi hauchimbi jumla.

Kuna mitego miwili. Tope hujibana kuliko mchanga, hivyo shimo lenye mchanga mwingi linaweza kuonekana nene bila sakafu kushuka zaidi. Tazama aina ya mwamba kabla ya kulaumu mpasuko. Mtego wa pili ni bonde la barafu, ambalo nalo hunenepesha mashapo upande mmoja. Namna ya kuvitenganisha ni kupanda juu: athari ya bonde la barafu hufifia likishajaa, kwa hiyo tofauti ya unene huonekana chini tu na kutoweka juu. Athari ya mpasuko hai hujirudia ngazi baada ya ngazi. Pima alama tatu au nne, usiishie kwenye jozi moja.

Na tazama kokoto. Nguzo ya mwamba ikitoka kwenye bomba ikiwa na vipande vyenye kona kali vya miamba ya jirani, nisi au granaiti ambayo bado ina rangi yake, genge lilikuwa karibu. Kokoto za mviringo, ngumu, nyingi zikiwa kwatzi tu, zimesafiri mbali. Mchangani, mistari ya mshazari iliyoachwa na mkondo, ukiisoma kwenye miamba iliyo wazi makorongoni, inakuambia mto ulielekea wapi. Kwenye ufa utaona pande mbili zikigombana: mito inayoshuka gengeni na mto mkuu unaofuata urefu wa bonde. Kwenye ukingo wa Witbank mito ilikubaliana kwa kiasi kikubwa, ikitoka kwenye kratoni.

Kwa kuunganisha umri kati ya vijibonde, chavua na mbegu-vumbi za mimea ya kale zinaaminika kuliko sura ya makaa. Tabaka linalong'aa hapa na tabaka linalong'aa kule huenda yametengana kwa muda mrefu. Chavua haitadanganywa na mng'ao.

Mabonde yanayokataa kupangwa

Usidhani mpaka wa nchi ndio mpaka wa kielelezo. Afrika Kusini yenyewe ina Waterberg, mpakani na Botswana, ambako sakafu imefungwa na kukatwa na mipasuko mikubwa kama Eenzaamheid na Daarby. Katika mgodi wa Grootegeluk utakuta makaa na tope vikipishana katika unene unaozidi mita 100, mandhari tofauti kabisa na matabaka matano ya Witbank yanayotengana vizuri. Mpasuko wa Daarby unatenga sehemu ya magharibi, yenye makaa ya juu yanayochimbwa kwa shimo la wazi, na sehemu ya kaskazini mashariki yenye makaa ya kina kirefu. Anayetoka Waterberg kuja Mbinga amejiandaa vizuri kuliko anayetoka Witbank.

Moatize, huko Tete nchini Msumbiji, ni ufa wa Karoo pia, na tabaka lake la Chipanga lina unene wa mita zipatazo 30 pamoja na vipande vya tope vilivyomo. Humo makaa yalizikwa na kupashwa moto vya kutosha hata yakafaa kutengenezea koki ya viwanda vya chuma. Ufa mmoja huweza kutoa utajiri huo, na ufa mwingine wa umri uleule ukatoa makaa ya kuchomea saruji na kuzalishia umeme tu. Kina cha kuzikwa na joto la ganda ndivyo vinavyoamua, na vyote viwili ni kazi ya sakafu.

Fushun, kaskazini mashariki mwa China, inaonyesha ukomo wa mchezo wote. Bonde dogo kwenye mfumo wa mipasuko mikubwa lilishuka kwa mwendo uliolingana na mimea kwa muda mrefu mno, likajenga tabaka la makaa ambalo mahali pengine hupita mita 100. Kisha kushuka kukashinda mimea, kinamasi kikawa ziwa, na juu ya makaa kukawekwa mwamba wa tope wenye mafuta. Mpaka kati ya viwili hivyo ni wakati ambapo maji yalishinda.

Bonde la mbele ya milima nalo halifanani popote. Ruhr nchini Ujerumani lilikuwa karibu zaidi na milima yake kuliko Witbank na yake, na lina karibu mita 3,000 za miamba yenye makaa, matabaka zaidi ya mia moja, mengi membamba kuliko mita mbili. Kwa hiyo hata ukichagua kielelezo hicho, uliza uko wapi ndani yake: ukingoni au kinani?

Basi uchague nini

Ukiwa Witbank au popote penye ukingo tulivu, panga mashimo kwa miraba yenye nafasi sawa na uyaamini matabaka yako. Fedha utakazookoa zipeleke kwenye vipimo vya sumaku vya kutafuta doleraiti.

Ukiwa Ruhuhu, ninashauri bila kusita uanze na kielelezo cha ufa, na umpe mwenye leseni sababu kwa maandishi. Mstari wa kwanza wa mashimo ukate bonde kutoka upande wa bawaba kuelekea mpasuko mkuu, maana ndiko mabadiliko yaliko. Mashimo ya kufuata urefu wa bonde yaje baadaye na yaweza kuachana zaidi. Miraba yenye nafasi sawa pande zote ni ghali huko kwa sababu huweka mashimo mengi mahali ambapo hakuna kinachobadilika na machache pale ambapo kila kitu kinabadilika. Kila shimo lipimwe mionzi ya gama na uzito wa mwamba kabla ya kufungwa, la sivyo vipande vyembamba vya tope ndani ya makaa vitakupita, navyo ndivyo vinavyoeleza sakafu ilishtuka mara ngapi. Na mpaka wa makadirio ya tani uuweke mpasukoni. Usivuke mpasuko na makaa ya kufikirika mpaka shimo la upande wa pili likupe ruhusa.

Kuna hali moja tu ambayo ningekubali miraba ya Witbank kusini mwa Tanzania: ndani ya kipande kimoja kilichokwisha kuthibitishwa na mashimo ya kukata kwamba unene haubadiliki. Hapo ni busara, tena inaokoa muda.

Songwe-Kiwira na maeneo ya Rukwa kama Namwele-Mkomolo yanahitaji tahadhari ya ziada. Huko ufa wa leo umekata ufa wa Karoo kufuata mistari ya miamba ya kale ya Ubende, na upande wa Kiwira volkano za Rungwe ziko jirani, zikiwa zimefunika sehemu ya ardhi. Mpasuko unaouona juu ya uso, wenye genge refu na maporomoko mapya, unaweza kuwa wa karibuni kabisa na usihusike na unene wa makaa hata kidogo. Ule uliohusika huenda umefukiwa na hauna alama yoyote juu ya ardhi. Kwa hiyo kabla mtambo haujapakiwa kwenye lori, chukua ramani za jiolojia za GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania) Dodoma za eneo lako, weka rangi mbili, moja kwa mipasuko inayokata mashapo machanga na nyingine kwa ile inayoishia ndani ya Karoo, na mstari wako wa kwanza wa mashimo uvuke ile ya rangi ya pili.